Mguu Ulioandikishwa Bomani

Kwa mwaka mzima niliamini kwamba mguu wa kulia wa Sudi uliandikishwa polisi kama bunduki. Sikuusikia uvumi huo nikacheka. Niliuamini kama ninavyoamini kwamba maji huchemka. Ilisemwa kwamba huko Dar es Salaam, alikokuwa akichezea daraja la juu, Sudi aliupiga mpira kwa mguu huo ukampata golikipa kifuani, golikipa akaingia wavuni na mpira wake, nyavu zikakatika, na wote wawili wakaokotwa ng'ambo ya barabara. Serikali ya Mwingereza ikakaa kikao. Sudi akaitwa bomani, mguu ukapimwa kwa futi ya fundi seremala, ukaandikwa, na tangu siku hiyo akaamriwa aufunge kitambaa chekundu chini ya goti ili watu wauone kwa mbali, kama vile lori lililobeba magogo marefu linavyofungiwa kitambaa nyuma. Akitaka kupiga mpira kwa mguu huo, sharti kwanza apate ruhusa. Punda niliongeza mimi. Katika habari iliyonifikia hapakuwa na punda, lakini nilipoifikisha Wanging'ombe tayari mpira ulikuwa umempitia golikipa ukamuua punda wa mchota maji, na niliporudi Makambako nikakuta watu wananisimulia mimi mkasa wa punda yule, nami nikamwamini hata punda, kwa kuwa sasa nilikuwa na mashahidi.

Nayakumbuka haya kwa sababu ya msiba. Majuma machache yaliyopita tulimzika Yoramu Mligo, kapteni wetu wa timu ya Njia Panda, pale pale Makambako, na katika wachezaji wote wa mwaka ule tulioweza kufika kwa miguu yetu wenyewe tulikuwa wawili tu: mimi, na Lameki Mwalongo, ambaye zamani alikuwa sentafowadi na sasa ni mzee wa kanisa anayetembelea fimbo. Tuliketi nyuma ya nyumba karibu na moto, maana upepo wa Makambako hauheshimu hata matanga, na vijana wakatuomba tuwasimulie ule mwaka wa daraja la kwanza. Lameki akasafisha koo, akasema, "Mwaka ule tuliuzwa." Nami nikasema, "Tuliuzwa, lakini mimi nikatukomboa." Ubishi wetu huo una umri wa zaidi ya nusu karne na hatujawahi kuumaliza, kwa sababu wote wawili tuko upande mmoja. Habari za baba, mama na ukoo wangu naziacha katika sura hii. Hao hawakucheza mpira.

Siku hizo za Mwingereza Makambako ilikuwa njia panda na upepo, basi. Lori likitoka Iringa lilisimama hapo kuamua kama linanyoosha kwenda Mbeya au linakunja kwenda Njombe, na katikati ya kuamua kwake sisi ndio tuliopata riziki: wapakiaji, mafundi wa magari, wauza chai, na mimi niliyekuwa nikipima chumvi na sukari katika duka la Mhindi mmoja mpole aliyekuwa akivaa makoti mawili kuanzia Mei hadi Agosti. Upepo ulivuma hata kuku wakajifunza kutembea kiubavu. Jioni nilikwenda masomo ya watu wazima, tukisoma kwa taa ya karabai iliyokuwa ikikoroma kuliko wanafunzi, na cheti changu nilikipata, kimetundikwa ukutani kwangu hadi leo. Anayedhani natia chumvi katika mambo mengine aje angalau akione hicho. Jumamosi tulicheza mpira. Wengi wetu tulicheza miguu mitupu, na nyayo zetu zilikuwa ngumu kiasi kwamba misumari ndiyo iliyotuogopa.

Mashindano ya wilaya yalikuwa na madaraja mawili. La pili lilikuwa la watu kama sisi. La kwanza lilikuwa la wenyewe: timu ya bomani Njombe, makarani na askari waliokuwa na viatu vya njumu, timu ya mashamba ya miti ya miwati, wanaume wenye mapaja kama vinu, timu ya walimu, waliokuwa wakibishana na refa kwa Kiingereza mpaka refa anatubu, na wengine wa namna hiyo. Mwaka uliotangulia tulikuwa tumelitawala daraja la pili, tukapanda. Mwisho wa mwaka, timu ya mwisho kwenye msimamo ingeshuka. Kwetu kushuka hakukuwa aibu tu. Matajiri wa Makambako walikuwa wamekubali kutuachia Jumamosi kwa sababu timu ya mahali pao imeingia daraja la kwanza, na Yoramu ndiye aliyezunguka mlango kwa mlango, kofia mkononi, kuwaomba. Walimpa jibu moja wote: mkishuka, Jumamosi zinarudi kazini. Na timu isiyo na Jumamosi si timu, ni majina ya watu.

Ndipo ukazuka ule mjadala. Ulizukia katika chumba cha mbele cha Yoramu, chumba kilichonukia grisi na moshi wa kuni za miwati, chenye mabenchi mawili na tairi bovu la lori lililokuwa kiti cha heshima. Yoramu alikuwa fundi na dereva, mtu wa maneno machache, mikono daima nyeusi hadi viwikoni. Mke wake, ambaye leo ni Mama Atu na wakati ule alikuwa bibi harusi ambaye hata vyungu vyake havijashika masizi, alitupikia ugali wa ulezi na maharage, na majira ya ulanzi tulikunywa ulanzi, ile pombe ya mianzi, tukiwa tumefunga mlango kwa ajili ya mwinjilisti, ambaye naye akipita njiani alikohoa ili tujue kwamba amejua. Swali lilikuwa hili: timu iliyopanda sasa hivi, je, inahitaji mtu aliyewahi kucheza huko juu, au inajitosha?

"Waliotupandisha ndio watakaotubakiza," alisema Lameki. Yeye alikuwa sentafowadi, na alijua mgeni akija atakalia nafasi ya nani.

Yoramu alikuwa akisafisha plagi kwa kitambaa. "Lori likiteremka mlima," akasema, "usukani hawampi mpakiaji kwa sababu alilipakia vizuri."

"Na dereva mgeni hajui breki zetu."

"Breki tunazo, Lameki?"

Tulicheka, Lameki hakucheka. Mwalimu wetu wa jioni aliposikia ubishi huu akatupa swali lile lile tuliandikie insha, nami nikaandika kurasa nyingi nikitetea pande zote mbili kwa nguvu sawa. Alinirudishia karatasi imeandikwa kwa wino mwekundu: "Uko wapi wewe?" Leo, nikiona watu wazima wanabishana mbele ya redio kama timu iliyopanda inunue mkongwe au iwaamini vijana wake, huwa nawasikiliza kama mtu anayesikia jina lake likitajwa chumba cha pili.

Juma lililofuata Yoramu alirudi kutoka Njombe na lori, na juu ya magunia alikuwa ameketi mtu mwembamba mwenye kofia ya viua ya watu wa pwani na kitambaa chekundu chini ya goti la kulia. "Huyu ni Bwana Sudi," Yoramu akasema. "Anatoka Dar, daraja la juu. Amechoka na joto." Habari ya polisi na golikipa haikutoka kinywani mwake mbele yetu. Ilitufikia siku mbili baadaye kutoka sokoni Njombe, ikiwa tayari imevaa suruali ndefu, na jambo linalotoka mbali huaminiwa kuliko la jirani. Sudi alisema Kiswahili cha pwani, laini, cha kuburuta, mpaka sisi tuliojifunza Kiswahili chetu shuleni na sokoni tukajiona kama tunaongea kwa panga. Ukimsalimu "Kamwene" kwa Kibena, lugha yetu, alijibu "Marahaba" au "Alhamdulillahi", akatabasamu, basi. Basi tukaafikiana pasipo kuafikiana kwamba tukiwa na la siri tutalisema Kibena mbele yake. Na siri zilikuwa nyingi.

Kwanza, mguu haukupiga. Mchezo wa kwanza, wa pili, wa tatu: Sudi alisimama katikati ya uwanja mikono kiunoni kama mtu anayesubiri basi, mabeki wa upande wa pili wamemzunguka, wawili na mara nyingine watatu, wanamtazama goti, naye anasema tu, "Tulia. Bado. Sasa." Mpira ukimfikia aliusukuma pembeni kwa mguu wa kushoto, polepole, kama anayemrudishia mtu kikombe chake. Mimi nilikuwa winga wa kushoto, na ni lazima niseme ukweli kwamba mwaka ule nilicheza mpira ambao haujapata kuonekana tena nyanda za juu. Nilipita pembeni peke yangu kama upepo wa hapo kwetu. Nilifunga magoli mengi kuliko ng'ombe wa Wanging'ombe. Mabeki hawakuthubutu hata kunisogelea, nami nilidhani ni hofu. Jioni tukirudi, Lameki, ambaye sasa alikuwa amesukumwa kucheza nyuma, alikuwa akisema kwa Kibena, Sudi akiwa ameketi mbele yake anamenya kiazi: "Kama tungekuwa tunamngoja huyu, tungekuwa tumekwisha shuka. Ni Dani anayetubeba." Nami niliinama kwa unyenyekevu, huku nikimpa nafasi arudie.

Pili, maji ya moto. Kila jioni mke wa Yoramu alichemsha maji yenye chumvi, akayapeleka kwenye kile chumba kidogo cha uani alichopangishiwa Sudi, na mlango ukafungwa. Akikaa humo kitambo, alitoka amefunga kitambaa upya. "Anaulisha mguu," alisema mmoja wetu, na siku hiyo hakuna aliyemaliza ugali wake. Tulimwuliza mke wa Yoramu ameona nini huko ndani. Akasema, "Nimeona mtu na maji." Jibu la mwanamke aliyeapishwa, tukasema.

Tatu, na hili lilituogopesha kuliko yote, alicheka mapema. Lameki alikuwa amesema kwa Kibena mzaha mmoja juu ya mwinjilisti na ulanzi, mzaha mzuri sana, siwezi kuuandika hapa. Kabla hata sisi wenyewe hatujaanza kucheka, Sudi alicheka. Chumba kizima kikamgeukia. Akakohoa, akasema chai imempalia. Tulipotoka nje Lameki alitushika mikono: "Mmeona? Ana jini linalomtafsiria." Na sisi watoto wa Kilutheri, tuliobatizwa na kuwekewa mikono, tuliosimama kila Jumapili tukasema hatuogopi giza wala vilivyomo, tulikubali mara moja. Kwetu jini lenye elimu ya Kibena lilikuwa jambo la kuaminika kuliko mambo mengine yote ambayo yangeweza kuwa kweli.

Nne, alizoea kuongea na maadui. Kabla ya kila mchezo alikwenda kuwasalimu, mmoja mmoja, mkono kwa mkono, akakaa nao muda mrefu, akiwaonyesha kitambaa, wao wakitikisa vichwa. Tulikuwa na desturi zetu siku hizo, na timu zote zilikuwa nazo, hata ya walimu. Hupiti mlango wa uwanja ambao adui amepita, unaruka ua. Huli chakula kilichopikwa katika mji wa adui, unabeba chako. Maji tulisafiri nayo kutoka Makambako ndani ya madebe, mwendo wote wa lori, tukayafunika kwa majani ili yasimwagike, nusu yakimwagika hata hivyo. Sudi alipita mlangoni. Kapteni alikuwa akimwona, akainama kufunga kamba za viatu ambavyo hakuvaa.

Nimeuliza moyo wangu mara nyingi kwa nini Yoramu alinyamaza. Alikuwa akitusikia. Chumba kilikuwa chake, ugali ulikuwa wake, na kila tulipomchafua Sudi alikuwa hapo hapo, plagi na kitambaa mkononi. Mara moja tu alisema, "Mwacheni mtu acheze." Lameki akamjibu, "Anacheza na nani, Kapteni? Na sisi au na wao?" Yoramu akatazama mke wake, mke wake akatazama chungu. Nilimwona, na nikajiambia: naam, hata kapteni ana mashaka, ila ameona haya kwa sababu ndiye aliyemleta. Kuanzia hapo nikawashuku wote wawili.

Tulifika mchezo wa mwisho tukihitaji sare. Tukitoka sare tunabaki. Tukifungwa tunashuka sisi. Na mchezo huo ulikuwa Njombe, na timu ya bomani. Asubuhi tulikula kwa shangazi yake Yoramu, nje kidogo ya mji, uji wa ulezi na viazi tulivyokuja navyo, tukipikia maji yetu wenyewe. Baridi ilikuwa ya kuvunja mawe. Ukungu ulikuwa umeshuka hata ukinyoosha mkono kuchukua kiazi unarudi na cha mwenzako. Sudi hakuwapo mezani. Alikuwa ametoka mapema, na mmoja wetu akaingia akihema, akasema amemwona karibu na uwanja, na golikipa wa bomani, yule askari mrefu, na kwamba Sudi amepokea kata ya maji mkononi mwa golikipa yule na kuyanywa. Maji ya Njombe. Siku ya mchezo.

Kijiko cha Lameki kiligonga sahani. Safari hii alisema Kiswahili, ili kila kitu kiwe rasmi. "Kapteni, huyo mtu leo asicheze. Narudi katikati mimi. Tukishuka, tushuke sisi wenyewe, si kwa kuuzwa."

Watu wakaguna kumwunga mkono. Niliguna nami, na nilikuwa na sauti kubwa.

Yoramu alikula kiazi chake mpaka kikaisha. "Sudi anacheza," akasema. "Anacheza katikati. Tukifungwa, jioni hii hii chagueni kapteni mwingine, na mimi nitakwenda kwa wale matajiri mlango kwa mlango kuwaambia kosa lilikuwa langu. Kama tunabaki, msiniulize."

"Tusikuulize nini?"

"Chochote."

Tuliruka ua, kama desturi. Sudi alikuwa ndani tayari, amesimama katikati, mikono kiunoni. Bomani walitufunga goli moja kipindi cha kwanza, la kichwa, na uwanja ukapiga kelele hata maporomoko ya mto yakanyamaza kusikiliza. Kipindi cha pili ukungu ukaanza kurudi kutoka mabondeni. Nilikuwa naona nguzo moja ya goli, ya pili naamini. Hapo Sudi aliangushwa karibu na goli lao, refa akapuliza, tukapewa mpira wa adhabu. Uwanja wote ukaanza kuita, "Mguu, mguu," wa Njombe kwa hofu, wachache wa Makambako kwa maombi. Lameki alitoka nyuma kabisa akakimbia hadi mbele akapaaza sauti, "Leo piga. Leo piga, tukuone."

Sudi akainama, akafungua kile kitambaa. Alikifungua taratibu, akakikunja mara nne, akakitia mfukoni mwa kaptura. Timu nzima ya bomani ilijipanga mbele yake wakiwa wameshikana mikono, wamefumba macho, na golikipa wao, yule askari mrefu, alisogea mpaka nyuma ya nguzo akashika nguzo. Sudi akarudi nyuma hatua nyingi, kama mtu anayerudia kitu alichosahau nyumbani. Akaja mbio. Alipofika kwenye mpira akausukuma kwa mguu wa kushoto, pole, pembeni, kwangu. Mimi nilikuwa peke yangu. Nilikuwa peke yangu kiasi kwamba ningeweza kukaa chini nikala. Nikaupiga, ukaingia, nao bado walikuwa wamefumba macho.

Tulibaki daraja la kwanza. Katika lori waliniimba mimi njia nzima, na wimbo ule ulikuwa na beti nyingi, baadhi nilizitunga mwenyewe. Sudi alikaa nyuma kabisa juu ya tairi la akiba, amefunga kitambaa chake. Lameki, ambaye koo lake lilikuwa limekauka kwa kuimba, alisema kwa Kibena, kwa sauti ya kutosha lori zima, "Mwizi huyu aliogopa hata kupiga. Amekula fedha yao, akatafuta njia ya kuutupa mpira, Mungu akamweka Dani hapo." Tukasema amina. Siku chache baadaye Yoramu alimpakia Sudi kwenye lori akampeleka Njombe, akarudi peke yake. Njombe, tukasema. Amekwenda kuchukua malipo yake. Hakuna aliyemwambia kwaheri.

Mwaka uliofuata hatukumtafuta mtu wa daraja la juu. Lameki alirudi katikati. Mimi, umaarufu wangu ukiwa umeenea hadi Songea, nilianza kukabwa na mabeki wawili ambao walinifuata hata nilipokwenda kunywa maji, na nikagundua kwamba viatu vya njumu vina njumu kweli. Goli sikumbuki kama nililipata. Tulishuka, Jumamosi zikarudi madukani, tukamlaumu refa.

Basi hayo ndiyo tuliyokuwa tukiwasimulia vijana kando ya moto, Lameki akiweka uovu na mimi nikiweka magoli, mpaka nilipofika kwenye jini. Mama Atu alikuwa ametoka ndani na birika la chai, amejifunga kanga ya msiba, akasimama nyuma yetu muda ambao sikuupima. Ameishi na Yoramu maisha yote hayo, na sauti yake ni ile ile ya kujibu kilichoulizwa tu.

"Shemeji," akaniambia, "Sudi gani huyo mnayemsema?"

"Sudi wa Dar, shemeji. Si ulimpikia wewe?"

"Dar hakuijua." Akanimiminia chai. "Alitoka Tanga, kukata mkonge. Kwao ni Makete, kule upande wa Kitulo, Mkinga kabisa. Yoramu alimkuta Njombe anatafuta namna ya kufika kwao, mguu una kidonda, mkonge ulimchoma. Kitambaa kilikuwa cha kidonda. Mimi ndiye niliyekuwa nachemsha maji."

Lameki aliinua fimbo akaishusha. "Na daraja la juu?"

"Alicheza kambini kwao, na wakata mkonge wenzake. Mpira aliujua kama ninyi. Hayo mengine alitunga Yoramu, akaenda akayaacha sokoni Njombe. Alisema wakubwa hawatamwogopa mtu wa Makambako, ila watamwogopa mtu wasiyemjua. Alitaka wamkabe yeye."

Vijana walikuwa wakinitazama mimi. Nikauliza kwa sababu lazima mtu aulize, "Kwa hiyo mimi, shemeji, magoli yangu?"

"Wewe hukukabwa. Watatu walikuwa kwa Sudi."

"Mbona Yoramu hakutuambia? Sisi wenzake?"

"Alitaka kuwaambia. Mimi nilimkataza. Lameki angekuwa na furaha mno, nawe shemeji usingelala na neno lile. Njombe wangelipata kabla ya chai." Alisema bila ubaya, akampa Lameki kikombe chake, akamwekea sukari.

Lameki alikishika kikombe kwa mikono miwili, hakunywa. Alikuwa amefika mahali ambako mimi bado nilikuwa njiani kwenda. "Mkinga wa Makete," akasema polepole. "Basi Kibena chetu..."

"Alikuwa anakisikia, maana Kikinga ni ndugu yake," akasema Mama Atu. "Chote. Mlikaa pale, yeye hapa, mkimwita mwizi, naye anamenya viazi. Siku moja nilimwuliza kwa nini asiwajibu. Akaniambia, 'Dada, nikiwajibu leo, Jumamosi nitakabwa na nani?'"